Mmefika Kifua?

Mama yangu alikaa na uvimbe kwenye titi la kushoto karibu miaka mitatu na hakumwambia mtu. Alikuwa anamngoja Nasike, binti ya kaka yangu, awe daktari amtazame kwa mikono yake mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu sipendi mtu wa kukuzungusha na hadithi halafu mwishoni anakufunulia kidonda. Sisi wakati ule hatukujua. Wewe jua tangu sasa, halafu usikie tulivyokuwa tukicheka.

Mimi ni Nangila. Nashona sare za shule Kitale, nyuma ya soko, na mdomo wangu unajulikana. Nimezaliwa Kabuchai, upande wa Bungoma, katikati ya miwa na mahindi. Mama alikuwa bado anaishi huko pamoja na kaka yangu Jairus na watoto wake, na Nasike ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Huyo mtoto alikuwa na tabia zake. Kuku akichinjwa, yeye ndiye wa kwanza kupasua firigisi, ati anataka kuona kuku alikula nini. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, haiguswi ovyo. Ile ya Jairus ilikuwa inafika mezani imeshachanwa na kuchunguzwa ndani nje, naye anauliza, "Huyu mtoto ni wa nani jamani?" Lakini alikuwa anaila akicheka, na kanisani alikuwa anawahadithia watu.

Mwaka wa elfu mbili na tatu matokeo ya kidato cha nne yalitoka, Nasike akapata B plus. Shule yao ilikuwa ndogo, ya kutwa, na hakuna msichana aliyewahi kufika hapo. Sasa, kaka yangu ni mtu mzuri, lakini ukimpa Jairus kipaza sauti umeharibu siku. Alikodi hema na spika, akaita naibu wa chifu, akaita mchungaji, akanipigia simu nishone koti jeupe la daktari.

"Jairus," nikamwambia, "si ungoje kwanza waite majina ya chuo?"

"Wee Nangila, kazi yako ni kushona. Shona."

Nikashona. Siku ya sherehe akamvika binti yake lile koti mbele ya kijiji kizima, akatangaza kwamba Kabuchai imepata daktari. Watu walipiga vigelegele, wali ukaliwa mpaka sufuria zikakwaruzwa. Mama yangu, Kukhu Nanyama, yaani bibi, kama wajukuu walivyomwita, alisogea akalishika koti kwa vidole, akauliza, "Na huyu atatibu wanawake?"

"Atatibu kila mtu, mama," Jairus akajibu kwenye spika.

Mama akatabasamu, akaomba koti likatunzwe chumbani kwake lisichafuke. Uvimbe alikuwa ameshauona siku hizo, mdogo tu, na pale pale akakata shauri.

Utaniuliza, kwani hospitali hakuna? Iko. Kituo cha afya kiko karibu tu na kwetu. Lakini kliniko wa pale, yule anayeona wagonjwa wote, ni Wakhungu, mume wa mdogo wangu. Na kwetu Bukusu mama mkwe na mkwe hawacheki pamoja. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye miwa mpaka mwenzake apite. Sasa mama mkwe amvulie mkwe blauzi? Heri afe. Tangu Wakhungu ahamishiwe pale, Mama hakukanyaga kile kituo, hata malaria alimaliza kwa vidonge vya dukani. Bungoma mjini nako hospitalini kulikuwa na vijana waliotahiriwa mwaka mmoja na Wakhungu, na kwa hesabu ya Mama hao wote ni wakwe vilevile. Kila mlango wa hospitali aliouwaza aliona mkwe amesimama ndani. Ndiyo maana mjukuu wa kike mwenye koti jeupe, kwake, alikuwa jibu la maombi.

Basi majina ya chuo kikuu yakatoka. Nasike akaitwa kusomea ualimu, somo la historia na dini. Udaktari walitaka karibu A tupu, yeye alikuwa na B plus. Hata jirani angemwambia Jairus hivyo kabla ya wali kupikwa.

Wakhungu alileta neno la maana. Alimtuma mdogo wangu amwambie Jairus: "Kwa alama hizo chuo cha utabibu wanamchukua hata kesho. Miaka mitatu anakuwa kliniko kama mimi, baadaye apande polepole mpaka udaktari."

Jairus akakataa. "Mimi nilitangaza daktari. Sikutangaza kliniko."

Naomba uishike hiyo miaka mitatu, kwa sababu mimi bado naishika na bado inaniuma.

Kwa hiyo kijijini Jairus akasema Nasike ameenda chuo kikuu Nairobi, na Mama akaambiwa hivyo hivyo. Mtoto mwenyewe akaletwa kwangu Kitale na sanduku lake, arudie kidato cha nne kimya kimya. Nilitaka kumtukana kaka yangu pale pale mlangoni. Lakini nilimtazama Nasike, macho yamevimba, nikapokea sanduku bila tusi, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Senge," akaniambia jioni hiyo, maana shangazi sisi humwita senge, "usidhani ni baba peke yake. Hata mimi nataka udaktari wenyewe. Nataka sana mpaka naona haya."

Nikampima sketi ya shule. Mwanamke mzima, amesimama mbele ya kioo changu na soksi nyeupe. "Ishone ndefu, senge," akasema, "ndefu kabisa."

Darasani wale watoto walimwita Mathe, yaani mama. Akiingia tu utasikia, "Niaje Mathe, umetuletea chai?" Alikuwa anarudi anacheka nayo, halafu anajifungia chumba cha nyuma, namsikia analia akijiziba na vitambaa vyangu. Asubuhi nakuta kitambaa cha mteja kimelowa.

Aliyemwokoa ni mwalimu wa kemia, Nyaruai, Mkikuyu mzaliwa wa Kitale, mwanamke asiyebembeleza mtu. Alimuuliza siku ya kwanza, "Unataka kurudia mtihani au unataka kurudia makosa?" Akamkalisha chini wakapitia kila somo, wakaona mahali alama zilipoangukia. Kumbe nadharia alikuwa sawa. Kilichomwangusha ni majaribio ya maabara. Kule shuleni kwao darasa zima lilikuwa linaangalia mwalimu akipima dawa kwa mrija mmoja, wanafunzi wenyewe hawagusi.

"Kichwa chako kimefundishwa," Nyaruai akamwambia. "Mikono ndiyo haikufundishwa."

Wakapanga. Jumamosi zote maabara. Insha ya Kiswahili kila wiki, maana hata huko alikuwa anadharau. Nasike aliandika mpango wote kwenye karatasi kubwa ya kukatia nguo, akaubandika ukutani kwangu karibu na vipimo vya wateja. Wateja wakiuliza ni nini, nawaambia hiyo ni fasheni mpya.

Likizo tulikuwa tunaenda naye Kabuchai. Sare inabaki Kitale, yeye anavaa nguo za kidada. Mara ya kwanza Mama alimvuta akamkalisha kando ya jiko.

"Mmefika wapi?"

"Wapi, kukhu?"

"Kwa mwili. Mmefika wapi?"

Tukaelewa polepole. Mama alidhani madaktari hujifunza mtu kuanzia nyayo wakipanda juu, jinsi mtu anavyolima shamba kutoka upande mmoja. Nasike akanitazama, mimi nikatazama moto. Akajibu, "Tuko kwa goti, kukhu."

"Goti. Vizuri. Kifua bado?"

"Bado."

Njiani tulicheka mpaka nikashika mbavu. Ati goti! Likizo iliyofuata alimwambia wako kwa figo, kwa sababu kweli ndiyo mada waliyokuwa nayo katika biolojia. "Kifua bado?" "Bado kidogo, kukhu." "Mwambieni mwalimu wenu aharakishe bana," Mama akasema, na sisi tukacheka tena, na yeye akacheka pia. Mungu wangu, alicheka pamoja na sisi.

Matokeo ya mara ya pili: A minus. Ungefikiri ni furaha. Nyaruai alipiga hesabu zake akatikisa kichwa, inakosa kidogo tu, tena kidogo sana. Nasike alikaa kwenye kiti cha wateja siku nzima. Jioni akaondoa karatasi ukutani, nikadhani amekata tamaa. Alikuwa anaigeuza upande wa pili aandike mpango mpya. Akarudi kidato cha nne tena, na safari hii waliomwita Mathe walikuwa wadogo kuliko ndugu zake.

Mwaka huo Mama alianza kukonda. Nilimwambia, akasema ni jembe. Alikuwa anavaa sweta hata jua likiwaka, na leso juu yake ameivuta kifuani. Mimi ni fundi, jicho langu halikosi: blauzi niliyomshonea Krismasi ilikuwa inaning'inia upande mmoja na kubana upande mwingine. Nikamuuliza.

"Wewe ndiye umekata vibaya," akanijibu. "Siku hizi una haraka."

Nikaichukua, nikaifumua, nikaishona upya ikakaa sawa.

Mwaka wa elfu mbili na sita Nasike akapata A. Majina ya chuo yalipotoka, lake lilikuwa kwenye udaktari. Nyaruai mwenyewe alikuja mbio kibandani kwangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akikimbia, na sisi wote watatu tukashikana tukaruka kama wendawazimu, cherehani ikaanguka na wala sikuiokota. Kwa mara ya kwanza tangu ile sherehe, uongo wa Jairus ulikuwa umekaribia kuwa kweli. Kesho yake tukaenda Kabuchai.

Mama alikuwa kitandani mchana, jambo ambalo si lake. Alipomwona Nasike akauliza lile swali lake, sauti ni ndogo.

"Mmefika kifua?"

Nasike alikuwa amejaa furaha, hata hakusikia vizuri alichoulizwa. "Kukhu, sasa nitafika popote! Kila mahali!"

"Kila mahali?"

"Kila mahali, kukhu!"

Mama akafumba macho akasema asante kwa Mungu. Akaniambia nifunge mlango, na nibaki, mimi ni mwanawe. Akachomoa lile koti jeupe chini ya godoro, limekunjwa vizuri, akampa Nasike. "Vaa kwanza." Nasike akalivaa akicheka, lilikuwa limembana mabegani, alidhani bibi anataka kumwona alivyopendeza. Akazunguka mara moja mbele yetu.

Ndipo Mama akafungua vifungo.

Sitaki kueleza nilichoona. Harufu ndiyo ilitangulia. Kidonda kilikuwa kimeshafunguka, alikuwa amekiziba na vipande vya kitambaa, tena vitambaa vya sare, mabaki niliyokuwa namletea ya kushonea mito.

"Haya," Mama akasema, ametulia kabisa. "Nimekungoja. Nitibu sasa."

Nasike alisimama na lile koti lake. Kisha akapiga magoti, akamwambia yote: hakuwahi kwenda Nairobi, alikuwa Kitale, alikuwa kidato cha nne, jina lake limetoka jana tu, hajaanza hata somo la kwanza. Alilia akisema, "Sijui kitu, kukhu. Bado sijui kitu."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Nilitamani akasirike. Alianza kujifunga vifungo, kimoja kimoja, akasema, "Kumbe nilikuwa namngoja nani?"

Nasike akatoka mbio na koti lake mpaka kituo cha afya, akarudi na Wakhungu. Na hapo, hata msiba ukiwa ndani ya nyumba, mkwe akasimama nje ya ua, amegeuza mgongo, kwa sababu mama mkwe hajamruhusu na yeye mwenyewe miguu isingekubali. Akamwambia Nasike, "Ingia wewe. Mimi nitasema, wewe utagusa."

Wakafanya hivyo. Yeye anauliza kutoka kwenye ua, mtoto anaingia, anatazama, anatoka kumjibu.

"Ukiusukuma unasogea?"

"Hausogei."

"Gusa kwapani. Taratibu. Kuna nini?"

Akaingia, akatoka. "Kuna vitu vigumu, kama maharagwe."

Wakhungu akashika mti wa ua. "Muulize ni tangu lini."

Mama alijibu kwa sauti yeye mwenyewe, ili asikie. "Tangu ile sherehe ya koti."

Wakhungu ni mtu mpole, miaka yote sijamsikia akipaza sauti. Alianza kulia hapo nje kama mtoto, akisema, "Si ningesimama hapa! Siku yoyote! Angemtuma mtu yeyote ashike, mimi ningesimama hapa hapa!" Alisema hivyo mara nyingi, na Nasike alikuwa amesimama kati yake na mlango, mikono ameiweka mbali na mwili, hajui aifute wapi.

Hakuna aliyewahi kufikiria hilo. Ilitakiwa mikono tu katikati. Yangu ingetosha, ya mke wa Jairus ingetosha.

Tulimpeleka Eldoret. Daktari tuliyempata alikuwa mwanamke, Jelimo, Mkalenjin, ambaye hana ujamaa na mtu yeyote Kabuchai. Mama alimwangalia juu mpaka chini, akaniuliza kwa Kibukusu kama huyo ni daktari kweli au ni nesi. Nikamwambia ni daktari. Akavua blauzi bila kuombwa mara ya pili. "Kumbe madaktari wanawake wako," akasema. Jelimo alimpima kwa upole sana, halafu akatuita nje, akatuambia ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Nilimshukuru. Nilipofika chooni nikapiga ukuta kwa ngumi mpaka mwanamke mwingine akanishika.

Mama alirudi kufia nyumbani. Hakumlaumu Jairus hata siku moja, na hilo lilimmaliza Jairus kuliko matusi yangu, maana mimi sikumhurumia, nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Nasike alikaa naye mpaka mwisho. Alimsafisha kidonda kila asubuhi jinsi Wakhungu alivyomwelekeza kutoka nje ya ua, na mikono yake ilizoea upesi. Siku moja akamwambia bibi yake kwamba hataki tena kwenda chuo, ataenda kulima.

"Utaenda," Mama akasema. "Nitakuwa nimengoja bure mara mbili?" Akapumzika kidogo, kuongea kulikuwa kunamchosha. "Ukifika kifua, uniambie."

Alikufa mahindi yakiwa yanavunwa. Kwenye mazishi spika ilikuwepo, jirani ndiye aliyeikodi. Kipaza sauti kilipomfikia Jairus, alikishika, akakiangalia, akampa mchungaji. Wakhungu hakuona maiti. Alisimama mbali na wakwe wenzake mpaka kaburi likafunikwa.

Nasike akaenda Nairobi mwaka uliofuata, safari hii kweli. Lile koti la kwanza hakulibeba. Nilimshonea lingine, pana mabegani, na sikumtupia neno lolote la utani. Tulikuwa tunaongea kwa simu Jumapili. Alinieleza kwamba wana maiti ya kujifunzia, na kwamba walianza na mkono, si nyayo. Nikamwambia Mama angebisha.

Halafu akapiga siku ya kazi, katikati ya wiki. Nilikuwa na mteja amesimama na nguo begani, namshika kiuno kumpima.

"Senge," akasema. "Leo tumefika kifua."

Nikamwachia mteja kiuno. Nilimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake wanafunzi wengine wanacheka na kuburuta viti.

"Kukhu aliniambia nimwambie," akasema. "Sasa nimwambie wapi?"